Harufu Katika Birika

Mwamu wangu Abdulghafur alikuwa fundi bomba, na Kibokoni ilikuwa taabu kupata nyumba yenye mfereji ambao mkono wake haukuugusa. Namwita mwamu kwa sababu alimwoa dada yangu Mwanatumu, nami wakati huo nilikuwa bado najifunza kushona kanzu huko Makadara. Alikuwa mrefu, mkimya, na spana zake alizibeba katika kikapu cha ukili kama mtu aendaye Marikiti kununua mchicha. Ukikaa karibu naye ulisikia harufu ya katani na rangi nyekundu, maana ndizo alizozungushia mabomba kwenye viungo ili yasivuje.

Kazi yake alikuwa akiijua. Alikuwa na ila moja tu, nayo ni kwamba kuuliza kulikuwa kunamshinda. Wazee wamesema kuuliza si ujinga, lakini yeye aliona fundi anayeuliza ni kama mpishi anayeonja chungu cha jirani kabla ya kukitia chumvi chake. Sisi jamaa zake tulimtania kwa hilo, na tulimtania kwa kujivuna, maana mtu asiyeuliza huonekana ajua yote. Baba yetu, Mzee Jamaldin, ndiye aliyempenda kuliko sote. Kila jioni Abdulghafur alipita kumwamkia, akambusu mkono, na wakakaa wakizungumza habari za kutu.

Kutu ndiyo iliyokuwa adui yake. Ardhi ya kisiwa chetu ina chumvi, na bomba la chuma ukilizika leo, baada ya miaka sita ukifukua utakuta ganda linalovunjika mkononi. Kwa hivyo mwaka wa 1967, yalipoingia mabomba ya plastiki, Abdulghafur alifurahi kama aliyeletewa mtoto. Duka moja la kuagizia bidhaa liliwaita mafundi wa mji kwa siku mbili wakafundishwe namna ya kuyatumia. Walipewa chai, wakapewa na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza, ambacho Abdulghafur hakukisoma. Huko alikaa pamoja na Chengo, fundi Mgiriama aliyekuwa akifanya kazi ya mabomba bandarini, mtu wa maneno machache na macho makali.

Walichofundishwa kilikuwa chepesi. Bomba halikatwi meno kama la chuma. Lapakwa gundi maalumu mwishoni, lasukumwa ndani ya jingine, kisha laachwa siku nzima likauke. Gundi ile ilikuja ndani ya mikebe midogo, na mkebe ulipofunguliwa tu, chumba kizima kilinuka spiriti.

Hapo ndipo Abdulghafur alipoanza kupotea, na nataka ieleweke kwamba alipotea kwa kuogopa dhambi. Kazi ya kwanza ya plastiki aliyopewa ilikuwa ya msikiti wetu mdogo. Bomba la chuma lililoteka maji kutoka kisimani nyuma ya msikiti hadi kwenye pampu ya mkono, kisha birikani tunapotawadhia, lilikuwa limeoza. Mwamu akajiambia kwamba kitu kinachonuka spiriti ni aina ya ulevi, ulevi ni najisi, na najisi haiwezi kupakwa ndani ya bomba la maji ya udhu. Angeweza kumwuliza maalim wa msikiti, aliyekuwa akikaa hatua ishirini kutoka mlangoni kwake. Hakumwuliza.

Chengo alipojua alimwambia wazi kwamba bila gundi bomba halishiki. Abdulghafur alimjibu kwamba mambo ya twahara hayamhusu mtu asiyetawadha, akamwachia Chengo mkebe wake wa gundi kama zawadi. Kisha akafanya alivyozoea. Aliwasha jiko la makaa, akapasha ncha za bomba moto mpaka zikalainika, akazisukuma moja ndani ya nyingine, akazungushia katani, akapaka rangi. Viungo vilikuwa vitatu. Aliuacha mtaro wazi siku moja, akaangalia kama pana unyevu. Palikuwa pakavu. Akafukia tarehe tatu ya Rajabu, na maalim akamwombea dua mbele ya watu.

Palikuwa pakavu kwa sababu bomba la kunyonya halivuji kwenda nje. Ukipiga pampu, bomba lile lavuta, na penye ufa huvuta chochote kilicho nje kikaingia ndani. Hilo Abdulghafur alikuwa halijui, maana maisha yake yote alikuwa amefunga mabomba ya mfereji, ambayo yakipasuka hutapika. Na kiungo cha katikati kilipita hatua mbili tu kutoka kwenye shimo la choo cha jirani yetu Mwanakuu.

Baada ya wiki mbili, mvua za vuli zikiwa zimelowesha ardhi, maji ya birika yakaanza kunuka. Haikuwa harufu kubwa. Ukiinamisha uso na kusukutua ulihisi kitu kidogo, kizito, kisha kikapotea. Watu walimwuliza fundi, kama ilivyo haki. Akasema ni plastiki, bomba likiwa jipya hunuka, na baada ya muda harufu itaisha. Watu wakaridhika.

Nami nilikuwa kwenye baraza nikiyarudia maneno hayo kwa sauti kubwa kuliko yake. Mtu mmoja aliposema kwamba plastiki haimnukii hivyo, nilimwuliza kama yeye naye ameitwa kufundishwa siku mbili. Watu wakamcheka, nami nikajiona hodari. Nikiikumbuka baraza ile sasa, natamani ardhi inimeze.

Lazima nieleze kwa nini harufu ilikuwa jambo kubwa, maana asiyejua atadhani twazungumzia usafi tu. Maji yakiwa mengi, yamefika kulateni, yaani kama madebe kumi na mawili hivi, hayaharibiki kwa kuingiwa na najisi kidogo, na birika letu lilipita hapo mara nyingi. Lakini najisi ikiyageuza rangi, au tamu, au harufu, hata yangekuwa bahari ndogo hayafai tena kwa udhu. Mwenye kuswali kwa udhu wa maji hayo, akijua baadaye, hana budi azirudie swala zake zote. Kwa hivyo swali la harufu ile yatoka wapi lilikuwa ndilo swali la swala ya mtaa mzima, na mtaa mzima ulilijibu kwa neno la fundi mmoja.

Yeye mwenyewe aliniambia baadaye kwamba katika wiki ya tatu alikwenda birikani peke yake asubuhi, akateka kwa kata, akanusa. Alikuwa ameinusa plastiki siku mbili nzima dukani, kwa hivyo aliijua, na ile haikuwa yenyewe. Alimwaga yale maji akarudi nyumbani. Neno lilikuwa limeshamtoka, watu walikuwa wameshalichukua, na kila swala iliyopita ilimzidishia ugumu wa kulirudisha.

Siku ya thelathini na saba tangu bomba lilipofukiwa, baba yetu alifariki. Aliswali alfajiri msikitini kwa udhu wa birika lile, akarudi nyumbani, akalala ubavu wake wa kulia na hakuamka. Tuliamua azikwe baada ya alasiri. Siku hiyo mifereji ya mtaani ilikuwa mikavu, na nyumba yetu haikuwa na kisima, kwa hivyo maji ya kumwosha maiti yalitekwa msikitini. Abdulghafur, akiwa mkwe, ndiye aliyeyabeba.

Tulikuwa watatu, mimi na mwosha maiti chumbani, na yeye mlangoni na ndoo mbili za kwanza. Hakuingia. Nilitoka kumharakisha, nikamkuta amesimama ukumbini, uso umempauka, ndoo bado zimo mikononi.

"Mwamu," akaniambia, "maji haya tusiyatumie. Nipa muda nende nikateke kwengine."

Kwengine kulikuwa mbali, na nje watu walikuwa wamejaa kutoka mlangoni hadi njia panda. Nilikuwa nimefiwa, nilikuwa na hasira na kila kitu, na nilitaka baba yangu astirike haraka.

"Watu wangoja," nikamwambia. "Si wewe uliyetwambia ni plastiki?"

Nikamnyang'anya ndoo nikaingia nazo. Na niseme lote, maana ndilo linaloniunguza: nilipoyamimina juu ya kifua cha baba yangu niliisikia harufu ile, na nilijua kwamba si plastiki. Mwosha alitia karafuu maiti na majani ya mkunazi, ikafunikika. Wamesema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Siku ile maiti hakuwa na aibu yoyote, aibu ilikuwa yetu.

Siku sita baadaye Mwanakuu alikuwa akitia miyaa rangi kwa ajili ya mikeka ya arusi. Alipomaliza alimwaga chooni sufuria nzima ya rangi nyekundu. Kati ya adhuhuri na alasiri Abdulghafur alikwenda kupiga pampu kujaza birika, na maji yakaanza kutoka mekundu, mepesi, kama maji ya kuoshea nyama.

Aliufunga mlango wa birika akasema analisafisha, akamtuma mtu amwite Chengo. Walifukua wawili mpaka wakakifikia kiungo cha katikati. Katani ilikuwa imeoza, rangi imebabuka, na ncha mbili za bomba zilicheza moja ndani ya nyingine kama kidole ndani ya pete kubwa. Kulizunguka, udongo ulikuwa mweusi na wenye kunuka, na juu yake pana wekundu.

Chengo alimwuliza jambo moja tu. "Fundi, gundi yako i wapi?"

Chengo alikwenda kwake akarudi na ule mkebe, haujafunguliwa bado, akalifunga bomba upya kama walivyofundishwa, kwa kipande kipya na kizima. Birika likamwagwa lote, likasuguliwa, likajazwa. Abdulghafur alimwomba asimwambie mtu. Chengo akasema hatasema, kwa sababu si yeye wa kusema, wala hakumkumbusha maneno aliyomwambia kuhusu twahara. Mwamu aliniambia kwamba angekumbushwa ingemwuma kidogo zaidi, lakini angepata pa kukasirikia.

Kutoka siku ile maji yalikuwa matamu, hayana harufu, na watu walimpongeza. Walisema kweli fundi, ulisema itaisha na imeisha. Siku tisa alizipokea pongezi hizo. Aliacha kukaa safu ya mbele, kisha akaacha kuja kabisa, akaswali mbali, ng'ambo ya Makadara, ambako hakuna aliyemjua. Mwanatumu alinijia kwenye duka nilipokuwa nikijifunza kushona, akaniambia kwamba mumewe huswali nyumbani kutwa, akitoa salamu anakimu nyingine, na chakula hakimpiti kooni. Alidhani ni msiba wa baba.

Nilikwenda nikamkuta juu ya msala. Akanieleza yote, kuanzia mkebe wa gundi mpaka sufuria ya Mwanakuu. Alikuwa amehesabu siku arubaini na tatu tangu siku ya kufukia, kwa tahadhari, maana hakujua najisi ilianza kuingia lini, swala tano kila siku, naye alikuwa akizilipa zake, lakini za watu wengine hawezi kuwalipia. Alisema Ramadhani yaingia karibu, na hataki watu waingie nayo wakiwa na deni wasilolijua. Alitaka kusimama Ijumaa aseme.

Mimi nilimkataza. Nasikitika kuandika hivi lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilimwambia Mwenyezi Mungu ni Msitiri na hupenda sitara. Nilimwambia watu wameswali kwa nia njema na Mola hatawashika kwa wasichokijua, kana kwamba nami nimekuwa shekhe. Nilimwuliza ataishije Mwanatumu akijua maji yaliyomwosha baba yake. Kila neno nililisema kwa sauti ya mtu anayewahurumia wengine, na chini ya kila neno nilikuwa mimi, kwenye baraza, nikiwachekesha watu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa, mwamu," nami nikashukuru, nikaenda zangu.

Ijumaa, maalim alipotoa salamu, Abdulghafur alisimama karibu na nguzo ya nyuma akaomba ruhusa ya kusema. Alisema kwa ufupi, kama mtu anayetaja urefu wa bomba. Alisema hakupaka gundi kwa kudhani ni najisi, na hakuuliza. Alisema bomba lilikuwa likivuta maji ya choo, kwa siku arubaini na tatu, kutoka tarehe tatu ya Rajabu. Alisema maiti mmoja ameoshwa kwa maji hayo, naye ni mkwe wake, Mzee Jamaldin. Mimi nilikuwa safu ya pili, nikiangalia vidole vya miguu yangu.

Kisha yule mtu niliyemcheka barazani akauliza, bila ukali, "Ulipotwambia harufu ni ya plastiki, ulijua?"

"Mwanzo nalidhani ndiyo. Kisha nalishuku," akasema Abdulghafur. "Nikanyamaza."

Maalim alisema mwenye kutawadha birikani siku hizo arudie swala zake, kidogo kidogo kwa kadiri awezavyo. Alisema gundi ile ingekauka na spiriti yake ingeruka, na kwamba angeulizwa angejibu kabla chai yake haijapoa. Kuhusu baba yetu alisema kwamba la kumfukua halipo, muda umepita, na kilichobaki ni dua. Watu wakatoka. Wengine walimpita Abdulghafur bila kumtazama, wachache walimpa mkono, na mzee mmoja alilia, kwa sababu alikuwa na miaka themanini na hakujua kama ataziweza swala mia mbili na zaidi. Mwamu aliupokea kila mkono na kila kisogo kwa namna ile ile.

Tulikwenda pamoja mpaka nyumbani kwao, mimi nikiwa nyuma yake hatua moja. Habari ilikuwa imefika kabla yetu, kama zifikavyo habari zote Kibokoni. Mwanatumu alikuwa amekaa juu ya kitanda cha kamba ukumbini, amejitanda leso, macho makavu. Alitukaribisha kwa salamu, akanionyesha kiti, nikakaa. Mumewe alibaki amesimama.

Mwanatumu alimwuliza mumewe kama ni kweli. Akasema ni kweli. Alimwuliza kama baba alioshwa kwa maji yale yale, hakukuwa na ndoo hata moja kutoka pengine. Akasema zote zilikuwa za birikani.

"Na siku ile ulikuwa washuku tayari?"

"Nalikuwa nashuku."

"Nawe ukayaleta kwa baba yangu," akasema Mwanatumu. "Alikupenda kuliko mwanawe wa kumzaa, nawe ukayaleta na hukusema kitu."

Abdulghafur alinitupia jicho mara moja. Halikuwa jicho la kudai kitu. Lilikuwa kama la mtu anayeangalia kama mlango umefungwa kabla hajalala. Nilijua kwamba alikuwa amekumbuka ukumbi ule, na ndoo, na lile nililomwambia.

"Naliyaleta," akasema, "na sikusema kitu."

Dada yangu aliishi naye miaka kumi na minane baada ya hapo, akampikia, akamzalia mtoto mwengine, na hakumsamehe. Namjua dada yangu, na mumewe alimjua pia. Siku ile kwenye ukumbi alingoja kidogo, labda mumewe aongeze neno. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kama nitakunywa kahawa. Nikasema ndiyo.